Kuisuka Upya Shishiga

Mji mzima uliisikia injini ya Torokul ikigonga kabla ya mwenyewe kuisikia. Alipita sokoni asubuhi moja ya mwisho wa Aprili: wauza vitunguu wakageuza shingo, mbwa wa muuza nyama akaacha mfupa, na mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini akasimama kumwombea dua anayekata roho, maana hakujua kwamba ni lori. Torokul mwenyewe alikuwa ameshika usukani, uso umetulia kama wa mtu anayesikilizwa na daktari. Lori lilipozimika lenyewe mbele ya karakana ya Ergashali, alimshukuru Mungu kwamba angalau lilijua pa kufia.

Lilikuwa lori la jeshi la enzi za Wasovieti, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na mgongoni lilibeba kijumba cha bati chenye kitanda, jiko la kuni na kidirisha chenye pazia la maua. Madereva wa kule huliita Shishiga, jina la jini wa kinamasini, na ukilitazama kwa mbele utakubali kwamba hawakulionea. Halina pua. Kwa kuwa halina pua, injini imepewa nafasi ndani, katikati ya dereva na abiria, chini ya kifuniko kikubwa kama sanduku la bibi harusi. Wawili hao hawagusani, na wakitaka kusemezana sharti wapayuke kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Gia nayo iko nyuma ya kiwiko cha dereva. Kuibadilisha ni kama kujikuna mgongo ukiwa na koti la baridi.

Humo ndimo Torokul na mkewe Salkin walimoishi karibu ndoa yao yote. Walikuwa wafuga nyuki, na mfuga nyuki wa bonde la Toktogul hana kwao kiangazi. Maua ndiyo yanayompa amri. Mshita ukimaliza kuchanua bondeni, mizinga hupakiwa kwenye tela, lori linapanda kona za mlima wa Ala-Bel hadi malisho ya Suusamir, ambako majani ndiyo kwanza yanaamka. Kila siku ya safari Salkin alikanda unga alfajiri, akaufunika kwenye bakuli, akaliweka bakuli juu ya kifuniko cha injini, na kiganja chake kikabaki hapo njia nzima ili lisiteleze kwenye kona. Wakifika juu, unga umeumuka. Jiko lilikuwa halijapoa tangu bondeni. Mkate wa kwanza ulitoka kabla hata mzinga mmoja haujashushwa.

Salkin alikufa majira ya baridi ya mwaka juzi. Kiangazi kilichofuata Torokul alipanda peke yake, na kitanda cha kijumbani bado alikilalia upande mmoja tu, kama mpangaji anayeogopa mwenye nyumba.

Ergashali, fundi mwenye tumbo la mkuu wa wilaya na mdomo wa dalali, alifungua kifuniko, akachungulia, akawasha injini kwa dakika moja, akaizima haraka.

"Mzee, hii inagonga tangu lini?"

"Inagonga nini?"

Ergashali alijifuta mikono polepole. "Mzee wangu, mke wangu yuko jikoni, mlango umefungwa, anakaanga nyama, na amenipigia simu kuniuliza kama tunavunja ukuta."

"Nilisikia," akasema Torokul. "Niliupuuza tu mlio wenyewe."

Hapo alidanganya, na masikio yake yakawa mekundu, ingawa moja lilikuwa halina kazi nyingine tena.

"Haya. Beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zimekwisha. Naweza kuisuka upya: naishusha, krenki inakwenda Jalal-Abad kusagwa, naweka beringi mpya, ringi mpya, pistoni tutaona zina hali gani. Itatoka hapa imerudi ujana. Lakini injini iliyosukwa haipelekwi mlimani kama ng'ombe. Inazoezwa. Barabara tambarare, mwendo wa pole, bila tela, mpaka mwisho wa kiangazi. Ukiikweza Ala-Bel na mizinga nyuma, usiniletee maiti."

"Maua hayatanisubiri, fundi."

"Basi nyuki wako mwaka huu wabaki bondeni, wale maua ya miiba. Au uachane nalo. Kuna jamaa anataka hicho kijumba akiweke kando ya barabara kuu, auzie samaki wa kukaanga. Kilichobaki kitakwenda kwa wanunua chuma."

"Auzie samaki kitandani kwangu?"

"Kitanda atakitoa, mzee. Yule ni mfanyabiashara, si mshenzi." Kisha Ergashali akashusha sauti, akazunguka upande wa kushoto wa Torokul, jambo ambalo Torokul aliliona na halikumpendeza. "Nikuulize usinikasirikie. Nikiisuka, nani atakusikilizia? Mlio huu haukuanza leo. Ungeniletea lori mlio ukiwa bado mdogo, ingekuwa kazi ya siku mbili."

Torokul alisema atafikiri. Mke wa Ergashali akamkimbizia kipande cha mkate mlangoni, maana kule mtu haondoki mahali palipo na mkate bila kuuonja, hata awe na hasira kiasi gani. Akautafuna akiwa anakwenda.

Habari zilifika kwa Ainash kabla Torokul hajafika nyumbani. Ainash alikuwa mdogo wake Salkin, mnyoaji wa nywele pale karibu na stendi, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi, na wateja walikuja kwa vyote viwili. Alikuja jioni na sufuria ya supu ya tambi na kitambaa cha kunyolea.

"Kaa hapo uani, shemeji. Kama unakwenda kuishi mji mkuu, Bishkek, hutakwenda na kichwa cha kondoo asiyekatwa manyoya."

"Nani kasema nakwenda Bishkek?"

"Burulcha kakupangia chumba. Binti yako huyo, ghorofa ya tisa, lifti inafanya kazi ikijisikia."

"Nitafanya nini ghorofa ya tisa?"

"Utachungulia dirishani nyuki wakipita chini yako. Mara ya kwanza maishani wao ndio watakuogopa."

Akaanza kunyoa. Alinyoa upande wa kushoto huku akimtania, naye akijibu. Alipohamia upande wa kulia akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida:

"Shemeji, mwezi ujao naolewa na Ergashali."

"Ndiyo, ila za nyuma usizikate sana."

"Mke mkubwa kakubali."

"Vizuri."

"Na wewe ni gunia la viazi lililovaa kofia."

"Asante, mkono wako mwepesi."

Ainash alisimama na mkasi hewani. Alikuwa amejiandaa kucheka, kicheko kikagoma kutoka. Akazunguka, akachuchumaa mbele yake.

"Hilo la kulia halisikii kabisa."

"Linasikia. Lilikuwa linafikiri."

"Shemeji."

Torokul akatazama kitambaa kilichojaa nywele nyeupe. Akasema ni injini, miaka yote hiyo imekaa kando ya sikio lile kama mkwe asiyenyamaza. Haikuwa taabu lakini, kwa sababu Salkin alisikia kwa niaba yao wote wawili. Salkin alikuwa akipunga mkono tu: simama, maji yanachemka. Simama, upande wangu unakohoa. Na kweli akifungua kifuniko anakuta.

"Dada?" Ainash akasema. "Dada alisikia?"

"Kila kitu."

"Shemeji, Salkin sikio lake la kushoto lilikufa kabla ya lako la kulia. Wewe ulikaa upande huu wa injini, yeye upande ule, ulidhani kwake ilikuwa inaimba? Nilipokuwa nikimsuka nywele nilimweleza siri zangu zote kupitia sikio hilo. Zote! Nilijua haziingii, na mimi nilitaka tu kuzitoa."

Kuku wakapita chini ya kiti wakizidonoa nywele.

"Alijuaje basi?"

Ainash akanyanyua kiganja. "Nilimuuliza. Akanionyesha hiki. Akasema unga ni kisingizio, mkono ndio unaosikia. Injini ikiumwa inamgusa hapa."

"Mbona hakuniambia?"

"Ungemwacha nyumbani atunze sikio lililobaki. Na wewe la kwako ulimwambia?"

Hakuwa amemwambia. Naye alikuwa na sababu hiyo hiyo, tena aliificha kwa ufundi, akijibu "ndiyo" kwa kila kitu kutoka upande ule, akijiona mume mwema. Sasa alizipanga safari zote zile akilini, wawili wakipayuka juu ya injini na kutikisiana vichwa, na asijue kama hata neno moja lilivuka.

Kulikuwa na moja lililomsumbua zaidi. Mwaka mmoja, kileleni Ala-Bel, theluji bado kandokando, alikuwa amemwambia Salkin jambo. Si mtu wa maneno. Alimwambia kwamba bila yeye angekuwa ameshauza lori na kwenda Urusi kufagia barabara za watu, na kwamba hajutii hata kona moja ya njia hii. Salkin alimtazama, akatabasamu, akalizungusha bakuli la unga nusu duara. Torokul alilichukua zungusho lile kuwa jibu. Ameishi nalo tangu siku hiyo.

"Shemeji, supu inapoa," Ainash alisema, kushoto kwake.

Kesho yake alikwenda karakana. Ergashali alikuwa chini ya gari la mtu. Ilionekana miguu tu.

"Washa injini yangu," Torokul akaiambia miguu.

"Mzee, kila ukiiwasha inajila."

"Iache ijile kidogo. Nataka kuona kitu."

Aliuzunguka mlango wa dereva akaenda kufungua ule wa kulia. Hakuwa amewahi kukaa kiti kile, hata mara moja, nani angeendesha? Kilikuwa kimebonyea kwa umbo lisilo lake, na magoti yake yaligonga mbele. Juu ya kifuniko, upande ule, rangi ilikuwa imelika duara, pale bakuli lilipokaa, na kando ya duara palikuwa na baka lingine dogo, laini, la kiganja. Miaka yote alikuwa akikifuta kifuniko hicho vumbi kutoka upande wa pili, na baka hili hakuliona.

Ergashali akapanda upande wa dereva, akawasha. Torokul akaweka kiganja kwenye baka. Kwanza ilikuwa mtetemo tu, kama ulimi wa paka. Halafu akakipata: kitu kilikuwa kikipiga chini ya mkono, kizito, hakikukosea zamu, kama mtu anayebisha mlango akijua wenyewe wamo ndani. Siku zote hizo kilikuwa kikibisha.

"Zima," alisema. Alibaki amekaa. "Isuke."

"Na nyuki?"

"Watakula miiba."

"Na Bishkek?"

"Burulcha nitampigia. Atalia, kisha atampangisha chumba mtu mwingine."

"Na sikio? Mzee, usukani mkono mmoja, gia mmoja, kifuniko mmoja. Hiyo ni mikono mitatu. Nikupe wangu?"

"Wako umejaa grisi. Tambarare mtu habadilishi gia."

Krenki ilikwenda Jalal-Abad ikarudi. Mshita ukachanua na kupukutika. Wafuga nyuki wengine walipita na mizinga yao wakielekea Ala-Bel, wakapiga honi mbele ya karakana, naye akapunga kofia hadi wa mwisho akapotea machoni. Nyuki wake walibaki pembezoni mwa mashamba, wakali, asali yao nyembamba na chungu kidogo. Hakuwalaumu.

Siku ya kuwashwa, Ainash alileta jogoo. Gari jipya kule halitoki bila damu gurudumuni, na yeye alishikilia kwamba injini mpya ni gari jipya. Ergashali akasema kwa desturi hiyo kila anayebadilisha plagi angechinja kifaranga. Wakabishana mpaka jogoo akachoka kuogopa. Mwishoni alichinjwa, tone likapakwa gurudumu la mbele, viganja vikainuliwa na kupanguswa usoni, na injini ikashika kwa mara ya kwanza tu, ikanguruma bila kinyongo.

"Panda, shemeji," Torokul alimwambia Ainash. "Twende hadi mwisho wa bwawa turudi."

"Mimi? Nina masikio mawili na yote mawili yana kazi." Lakini alimfungia mlango mwenyewe, akagonga bati kwa kiganja.

Basi akaenda peke yake kwenye barabara inayofuata bwawa, mwendo wa pole kama alivyoagizwa. Mbuzi walimpita. Mchungaji juu ya punda alimpita, akamuuliza kwa ishara kama anataka kufungiwa kamba avutwe. Kwenye kifuniko alikuwa ameweka bakuli. Alikuwa amekanda unga alfajiri, kiasi kile kile cha Salkin, maana hakujua kukanda kidogo. Kiganja chake kilikuwa hapo, na chini yake injini ilitetemeka sawasawa, laini, bila kubisha. Hakuna aliyetaka kitu kutoka kwake.

Barabara iliponyooka alijikuta anapayuka. Yale yale ya Ala-Bel, neno kwa neno: Urusi, mafagio, kona. Aliyapayuka kuelekea kiti cha kulia, na kiti cha kulia kilikuwa na koti lake na chupa ya chai.

Ndipo akahisi joto kidoleni. Upande mmoja wa bakuli ulikuwa unaungua, ule ulioelekea bomba la moshi. Unga wa huko ulikuwa umeanza kukauka ilhali wa upande huu bado mbichi. Bila kufikiri akalizungusha nusu duara.

Mkono ukabaki pale pale. Akautazama muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu anayeendesha.

Huenda siku ile ya Ala-Bel unga ulikuwa unaungua tu.

Huenda Salkin alisikia, na unga nao ulikuwa unaungua.

Akarudisha macho barabarani. Bwawa lilikuwa upande wa kulia, bluu, refu, na tambarare ilikuwa bado ndefu.