Njia ya Mto Tuliyoshika na Kambo

Mtanivumilia kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na kwa herufi zitakazoanguka njiani. Shule yangu iliishia darasa la tano, na mkono wangu hauna haraka. Lakini harufu haihitaji shule. Hadi leo nikinusa tope bichi la mtoni likichanganyika na moshi wa shaba, ule unaokwaruza koo, narudi kwenye kiangazi kimoja cha wakati Katanga ilipojitenga na Kongo, mji wetu wa Lubumbashi ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville. Nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa mwenye haya kiasi kwamba mgeni akinisalimu nilijificha nyuma ya mlango. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, mtu wa mkoa wa Kasai. Mama alikuwa wa watu wa mto Kafubu, na alikuwa amekwenda kwao na mdogo wangu mchanga kabla mambo hayajaharibika. Kisha yakaharibika. Watu wa Kasai, walioitwa wageni na maadui wa Katanga, walianza kutafutwa nyumba kwa nyumba, majirani zetu wakahamia kwenye mahema ya wakimbizi, na kila barabara ya kutoka mjini ikawekewa kizuizi cha askari. Baba hangeweza kupita barabarani. Ndipo mama akamtuma mama yake, Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, aje atuchukue kwa miguu kwa njia ya mto, njia ya zamani ambayo wazee walishika kabla ya reli.

Hapo palikuwa na jambo gumu. Kwa desturi ya watu wa mama, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawasemezani, hawagusani, mpaka ifanyike karamu ya kuwaondolea aibu. Karamu hiyo haikuwahi kufanyika, kwa kuwa wazazi wangu walioana mjini, mbali na wakubwa. Basi Kambo alipofika alisimama nje, akatazama ukuta, na baba akatazama dirisha, na mimi niliyeogopa kusema na watu nikageuzwa kuwa mdomo wao. Tulitoka alfajiri, Kambo mbele na ugoro wake, mimi katikati, baba nyuma kabisa na furushi begani.

"Ambia baba yako anyanyue miguu," Kambo alisema bila kugeuka. "Viatu vyake vinapiga kelele, vinaita bantu."

"Ambia kambo yako," baba akajibu, ingawa hata kipofu angejua wanasikiana, "viatu hivi viko vya mujini, havijazoea majani."

"Ambia baba yako avivue."

Baba akavivua. Heshima si utumwa, wahenga walisema, lakini siku ile niliona inafanana nao kidogo.

Njia ile sitaisahau. Ilifuata mto Lubumbashi kwa kila kona yake, ikaingia kwenye matete yaliyotufunika vichwa, ikatoka kwenye mbuga za majani ya manjano, na kila nilipotazama nyuma niliona dohani kubwa la kiwanda cha shaba likisimama juu ya miti, likipungua polepole. Sikuwahi kujua kwamba kitu kile kinaweza kuwa kidogo. Tulipofika pale mto wetu unapoingia Kafubu, maji mawili ya rangi mbili yalikwenda pamoja kwa muda bila kuchanganyika, na ng'ambo ulionekana mnara wa misheni ya matofali mekundu, kengele yake ikilia kama vile vita ni habari ya nchi nyingine. Nilitaka kukaa pale siku nzima. Kambo alisema mwenda pole hajikwai, lakini anayekaa hafiki.

Baada ya hapo, kwenye kona yenye vichuguu vingi, nikaona kitu kilichonifanya nisimame. Yalikuwa matanuru ya zamani ya kuyeyushia shaba, ya udongo mwekundu, yamevunjika midomo, yamepangana mpaka ndani ya msitu. Chini kulikuwa na mabonge meusi yanayong'aa kama kioo, na mirija ya udongo ambayo wahunzi wa zamani walipulizia moto. Palikuwa kimya kabisa, hata ndege hawakulia. Kambo alisimama mbali, hakusogea. "Mama yangu alileta chakula mpaka hapa tu," aliniambia. "Mwanamuke hakukaribia moto. Walitoa misalaba ya shaba humu, na yeye aliolewa kwa mahari ya misalaba ile." Nilikuwa nimeuona msalaba ule kwenye bendera na kwenye sarafu mpya za Katanga, nikadhani ni kitu cha serikali. Kumbe ulizaliwa hapa, katika shimo linaloweza kujaa majani. Nilihisi mwili mzima unasisimka, kama mtoto aliyeingia kanisani peke yake.

Daraja la magogo lilikuwa mbele kidogo, na kijiji cha mama ng'ambo yake. Juu ya daraja walikaa askari wawili wenye bunduki. Hatukuwategemea huko porini. Hapakuwa na mahali pa kurudi, walikuwa wametuona.

"Mnatoka wapi?" mmoja aliuliza. Alikuwa mtu wa nchi ile, ingawa si wa kijiji cha Kambo, nilimjua kwa namna alivyompigia Kambo makofi ya salamu. Kisha akamnyooshea baba kidole. "Na huyu? Kijijini nasikia binti yako aliolewa na muntu wa Kasai. Ndiye huyu mukwe wako?"

Baba alifungua mdomo. Angesema neno moja tu, sauti yake ya Kasai ingemfichua. Ndipo Kambo akageuka, akamwendea baba, akamshika sikio, akalivuta mbele ya askari wote wawili.

"Mukwe? Huyu ni mutoto wa tumbo langu! Na ni mupumbavu! Nilimwambia asubuhi, funga furushi vizuri, angalia sasa unga unavyomwagika! Utakula nini, wewe? Viatu?"

Akampiga kofi la mgongo. Baba aliinamisha kichwa kama mtoto. Askari yule aliangua kicheko. Kwa watu wa kule hakuna mwanamke anayeweza kumgusa mkwe wake, mchana kweupe, kwa sikio. Ni kama kutembea uchi sokoni. Hakuhitaji ushahidi mwingine.

"Mwache, Mama, mutoto amekuwa mukubwa," alisema. "Piteni."

Tulivuka. Ng'ambo, daraja lilipofichika nyuma ya matete, Kambo alikaa chini ghafla, akafunika uso kwa kitambaa. Baba aligeukia mto. Nilisimama kati yao. Kisha sauti ikatoka kitambaani.

"Ambia baba yako... sikio linauma?"

"Ambia kambo yako," baba akasema, bado akiutazama mto, "haliumi hata kidogo."

Tulipofika, kabla ya kumkumbatia mama, Kambo aliagiza kuku. "Nimeshamushika," aliwaambia wakubwa, "sasa tufanye karamu kinyume. Moto ukishika nyumba, hakuna anayebisha hodi." Kambo na baba walikula jioni ile kwenye sahani moja, wote wawili wakitazama kuku.

Siku hizi lori hushuka Kafubu asubuhi na kurudi jioni, na pale kwenye matanuru watu huchota udongo wa kufyatulia matofali. Mimi sasa ni msichana wa miaka kumi na tisa, na kijana anayenichumbia alikuja nyumbani mwezi uliopita, akampa mama yangu mkono sebuleni, wakacheka pamoja, na hakuna aliyeona ajabu. Ni vizuri, sikatai. Lakini mkono ule ulikuwa mwepesi. Mimi niliuona mkono mzito kuliko wote, mkono wa mwanamke aliyetupa heshima yake yote mtoni ili mtoto wa watu afike ng'ambo. Mlioshika njia za mito miaka ile, nawaomba mniandikie, niwasome polepole: kwenu, nani alivunja mwiko gani ili mtu aishi?