Mama Wino na Birika Lake

Wajukuu zangu hawaamini kwamba zamani wino ulikuwa unapikwa. Wanadhani natia chumvi. Wao kalamu ikigoma wanaitupa na kuchukua nyingine, na nikiwaambia kwamba shuleni kwetu kulikuwa na mtu mzima aliyeajiriwa kwa kazi ya wino tu, wanatazamana na kucheka chinichini. Waache wacheke. Mimi nilimwona yule mama kwa macho yangu haya, na mpaka leo sijaona mtu mwingine anayeijua kazi yake vile.

Tulimwita Mama Wino. Alikuwa mrefu, mwembamba, na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa vya buluu, buluu ya kudumu isiyosikia sabuni. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu: jiko, meza, rafu ya chupa na dirisha moja. Humo alichemsha maji, akayaacha yapoe mpaka yakawa vuguvugu, akapima unga wa wino kutoka kwenye kopo, akakoroga kwa kijiti, akachuja kwa kitambaa mara mbili. Halafu alidondosha tone moja kwenye ukucha wa kidole gumba na kuuinamisha. Tone likishuka mstari mmoja, wino umeiva. Likitawanyika, anaongeza unga. Sisi tulichungulia dirishani tukimtazama anavyoutazama ule ukucha, na hakuna aliyethubutu hata kupiga chafya.

Asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, alipita madarasani na birika lake la bati jeupe lenye mdomo mrefu. Kila dawati lilikuwa na tundu kwenye kona ya kulia, na ndani ya tundu kulikuwa na kikombe kidogo cha kauri tulichokiita kidau. Alijaza vidau huku anatembea. Hakuwa anasimama. Alikata wino kwa kuzungusha mkono kidogo tu, akasogea dawati la pili, la tatu, mpaka arobaini na mawili yote, na kwa miaka saba sikuona tone hata moja likianguka mezani. Darasa zima lilinyamaza. Mwalimu wetu wa hesabu, mtu wa kelele na vitisho, alikuwa anafika mlangoni na kusubiri amalize, mikono nyuma, mpole kabisa.

Na wala haikuwa kumimina tu. Mama Wino hakujua kusoma, alisema mwenyewe bila haya, ila vidau alivisoma. Kidau kikikauka mapema alijua mwenye kidau anakandamiza kalamu na siku hiyo alimwekea wino mzito kidogo. Kikiwa kimejaa vilevile alivyokiacha jana, alijua kuna jambo. Nikiwa darasa la tano nibu yangu, ile ncha ya chuma ya kalamu, ilivunjika, na nyumbani nikaogopa kusema. Siku mbili sikuandika chochote, nilikuwa nainama tu na kuzungusha mkono ili mwalimu asione. Siku ya tatu nikakuta nibu mpya imelazwa kando ya kidau changu. Nilipogeuka, Mama Wino alishafika mstari mwingine, mgongo kwangu. Hakuwahi kuitaja ile nibu, na mimi kwa ujinga wa utoto sikuwahi kumshukuru.

Basi ukafika mwaka wa mtihani wa mwisho. Siku zile mtihani ulikuwa mmoja, mara moja, hakuna kurudia. Baba yangu, fundi viatu, alishasema wazi: nikifaulu nitakwenda sekondari, nikishindwa nakwenda kwa shangazi. Shangazi alikuwa na cherehani mbili na alishanitengea kiti. Tulipomtembelea alinionyesha, cha mbao, kimeelekea ukutani, na kopo la vifungo pembeni. Akasema, mpwa wangu, hapa utakaa vizuri. Sina ugomvi na cherehani, lakini kile kiti kilinitoa usingizi. Mimi nilitaka kuwa mwalimu.

Dawati la jirani yangu alikaa mvulana tuliyemwita Kipaza, kwa sababu alichosikia asubuhi, mchana shule nzima ilikuwa imeshakisikia. Juma la mtihani akaninong'oneza siri. Wasahihishaji, alisema, wanasoma karatasi maelfu kwa maelfu mpaka macho yanawatoka, na karatasi inayowavutia ni ile yenye wino unaong'aa. Na wino unang'aa ukitiwa sukari. Kaka yake alitia, akafaulu. Chembe chache tu zinatosha, alisema.

Mimi na chembe chache wapi na wapi. Nilikuwa na kiti cha shangazi kichwani. Jioni ya kuamkia mtihani, tulipokwenda kuoneshwa madawati yetu yenye namba, nilikuwa na sukari mfukoni, nimeikunja kwenye karatasi, nimeiiba kwenye mkebe wa mama: vijiko vitatu vya chai, vimejaa. Nilingoja wenzangu watoke. Nikaimimina yote kwenye kidau changu, kilichokuwa na wino nusu, nikakoroga kwa mshikio wa kalamu mpaka ikayeyuka. Nikajaribu kwenye kipande cha karatasi. Jamani, uling'aa. Nilikwenda nyumbani najiona mjanja kuliko watoto wote duniani.

Asubuhi yake msimamizi alitoka mjini, mtu mfupi mwenye suti ya kijivu na bahasha kubwa zilizofungwa kwa lakiri. Alikagua madawati mwenyewe, akaamuru wino ujazwe mbele yake, sisi tukiwa tumeshakaa. Kisha akatusomea sheria. Tangu sasa hakuna kitu kitakachotoka ndani ya chumba hiki mpaka nitakaposema, hata kijikaratasi. Hakuna penseli, ni wino peke yake. Na atakayeonekana amechezea kifaa chochote cha mtihani atatolewa nje, na matokeo yake yatafutwa. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na ndipo nikahisi kijasho chembamba. Mpaka dakika ile sikuwa nimefikiria kwamba sukari ni kuchezea.

Mama Wino alianza mstari wa mbele. Mimi nilikuwa wa tatu kutoka mwisho, karibu na dirisha, na Kipaza siku hiyo alikaa mbali. Nikainamisha macho kwenye kidau changu, na moyo ukanilipuka. Sisimizi. Walitoka dirishani, wakapanda mguu wa dawati mstari mmoja mwembamba, wakaingia kwenye tundu. Wengine walikuwa wameshanasa kwenye wino na wanachezesha miguu. Nilitaka kuwafuta kwa mkono lakini msimamizi alikuwa anatazama upande wetu.

Mama Wino akafika kwangu, na akasimama.

Yule mama ambaye hakuwa anasimama. Darasa zima likageuka, kwa sababu miaka saba hatukuwahi kusikia hatua zake zikikatika. Alitazama sisimizi. Akachovya ncha ya kidole kwenye kidau changu, akakilamba kidole. Halafu akanitazama mimi. Hakukunja uso. Nilimtazama na mimi, machozi yamenijaa.

Nimeshapiga hesabu ya dakika ile mara nyingi maishani mwangu. Kuutoa ule wino nje hakuweza, sheria ilishasomwa. Kuurudisha kwenye birika hakuweza, angewaharibia wenzangu wawili waliobaki. Kuumwaga sakafuni, msimamizi angeuliza. Kunijazia juu yake na kupita zake, hilo aliweza, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aliweka birika sakafuni, akakitoa kidau kwenye tundu lake kwa vidole viwili, akakipeleka mdomoni, akanywa. Wino, sukari, sisimizi, vyote. Mafundo matatu. Niliona koo lake likipanda na kushuka.

Msimamizi akasogea hatua mbili. "Mama, unafanya nini hapo?"

"Naonja, bwana," alisema Mama Wino, meno yote ya buluu. "Hata wewe ukipikiwa utapenda mpishi awe ameonja kwanza."

Akakifuta kidau kwa pindo la aproni yake, ndani na nje, akawapangusa sisimizi waliobaki kwa kiganja, akarudisha kidau mahali pake na kukijaza mpaka kwenye mstari. Hakumwaga tone. Akawajazia wawili wa mwisho, akasimama kando ya mlango mpaka aliporuhusiwa kutoka. Nilipigwa na butwaa kiasi kwamba nilisikia lakiri ikivunjwa na nikasahau inamaanisha nini.

Niliandika mtihani ule kwa wino wa kawaida, usiong'aa, uliokauka palepale.

Sasa sehemu hii huwa siwasimulii wajukuu. Mchana tulipotoka, Mama Wino alikuwa bombani anasukutua, na mdomo wake ulikuwa wa buluu mpaka kidevuni. Kipaza akapaza. Akasema Mama Wino ameanza kunywa kazi yake, kesho atakula madawati. Wakacheka wote, na mimi nikacheka, tena nikacheka kwa nguvu, nikashika mbavu, kwa sababu niliogopa mtu atagundua. Yeye alifunga bomba akaenda zake. Nimefanya mabaya mengine maishani, ila nikikumbuka kile kicheko nasikia aibu mpaka masikioni.

Nilifaulu. Nikaenda sekondari, nikasomea ualimu, nikafundisha huku na kule. Nilisikia kwamba Mama Wino siku hizi anafagia uwanja, nikajiambia ni kalamu za kisasa zimemwondolea kazi. Ilinifaa kuamini hivyo. Mpaka, baada ya miaka ishirini na miwili, nikapelekwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ileile. Madawati yalikuwa yaleyale, na matundu ya vidau watoto walikuwa wanayajaza maganda ya karanga.

Katika kabati la ofisi nilikuta madaftari ya matukio ya shule, yameliwa na mende pembeni. Nikatafuta mwaka wetu. Maneno yake nayajua kwa moyo: "Mpika wino ameonekana na msimamizi akinywa wino wa mtahiniwa. Alipoulizwa amesema anaonja kwa kuwa hakuwa na uhakika nao. Ni uzembe. Kuanzia leo ameondolewa kwenye wino. Atafagia." Tarehe ilikuwa ya siku ile ile ya mtihani. Zile kalamu za kisasa zilikuja shuleni miaka minne baadaye. Nilikaa chini kwenye sakafu ya ofisi yangu, mwalimu mkuu mzima, nikalia.

Jumamosi yake nikaenda kwake. Alikuwa amezeeka, nywele nyeupe, anaishi na mwanawe wa mwisho katika nyumba ya vyumba viwili iliyofagiwa mpaka inang'aa. Vile vidole vitatu bado vilikuwa na buluu, imefifia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama kidogo tu na kusema, "Dawati la dirishani." Nikalia tena. Aliniacha nimalize, hakunibembeleza.

Nikamuuliza kwa nini hakusema ukweli kwa mwalimu mkuu wa wakati ule. Wino ule ndio uliokuwa fahari yake, kila mtu alijua.

"Mimi ningepewa kazi nyingine," alisema. "Wewe mtihani mwingine ungeupata wapi?"

Akanieleza, kwa utaratibu, kama fundi anayeeleza kazi. Miaka kadhaa kabla yetu alishaona karatasi za mtoto aliyetia sukari. Wino ule haukauki. Karatasi ziligandana kwenye bahasha, wakazibandua zikachanika, mtoto hakupata hata alama moja. Aliponitazama asubuhi ile aliona karatasi zangu zimeshachanika tayari. Alinuna kidogo hapo, si kwa ajili ya ufagio. Alinuna kwa sababu ulikuwa wino mzuri, ameuchuja mara tatu kwa ajili ya mtihani, nami nikauharibu.

Nikajikaza nikamwambia na lile la bombani, kwamba nilimcheka.

"Nilikusikia," alisema. "Ulicheka kuliko wote. Ndipo nikajua umeelewa nimekunywa kwa ajili ya nani."

Nilishafundisha miaka kumi na tano, nilishaketi na wakubwa wenye vyeo na magari, na hakuna kati yao aliyewahi kunifanya nijione mdogo hivi na mwenye bahati hivi kwa wakati mmoja. Nilimshika ile mikono na kuiweka kwenye paji la uso wangu, akaiacha hapo muda.

Kisha akaivuta, akasema chai imechemka. Akaleta birika, si lile la shule, la kawaida tu la nyumbani. Mikono ilimtetemeka alipolinyanyua, nikataka kumsaidia, akanikata jicho. Akamimina. Chai ikaingia vikombe vyote viwili mpaka mahali pamoja, sawasawa, na hakumwaga tone. Nikashusha pumzi. Akakaa, akausogeza mkebe wa sukari upande wangu, na kijiko juu yake.

"Tia mwenyewe," alisema. "Wewe najua ni vijiko vitatu."

Idadi ile sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata Kipaza, hata mama yangu aliyeibiwa. Sukari yenyewe nilishaiacha siku nyingi, daktari alinikataza. Nikafungua mkebe, nikatia vijiko vitatu, nikakoroga, nikanywa mpaka mwisho huku ananitazama.