Mwambie Baba Yako

Nilipanda mlima kutoka bondeni Mtowisa na gunia langu la mchele, nikafika mjini Chanji kwa kaka yangu jioni, baridi inauma kwelikweli. Nikamkuta binti yake wa miaka kumi kajikunja kwenye kochi, kashika tumbo. Hata shikamoo yake ilitoka kwa shida.

"Wifi, tumechoka," mama yake akaniambia. "Dawa ya minyoo kanywa, kaombewa, vipimo havionyeshi kitu. Chakula anakigusagusa tu. Bibi yake anasema ni jirani."

Jirani! Watu wa kwetu bwana, mtoto akipiga chafya tu, mchawi keshapatikana.

Haukupita muda nikawaona wachawi wenyewe. Kaka yangu kakaa barazani na simu yake, mkewe yuko jikoni, na kumbe hawasemeshani tangu mavuno. Wifi akasonga ugali, akapaza sauti: "Mwambie baba yako, kama chakula cha humu hakimfai, arudi akale huko anakokula siku zote!"

Mtoto akainuka, nami nikamfuata. Akasimama mbele ya baba yake, akasema kwa adabu, "Baba, mama anasema karibu chakula, kisipoe."

Nikaduwaa. Kaka hata uso hakuinua. "Mwambie mama yako sina njaa ya masimango."

Mtoto akarudi jikoni. "Mama, baba anasema asante, anakuja sasa hivi." Kisha akashika tumbo.

Nikamvuta hadi nyuma ya nyumba. "Mwanangu, umeanza lini haya?"

Akanishika mkono. "Shangazi, usiwaambie! Nikisema kama walivyosema, wataachana. Ila nikisahau nimemwambia nani nini, watajua nadanganya."

Akaniambia hata darasani hamsikii mwalimu, anakariri ya asubuhi asije akayachanganya na ya jioni. Miaka kumi! Watu wazima wawili, midomo wanayo, wamemtwika ndoa yao kichwani kama ndoo ya maji, na tone lisimwagike. Nilitamani kuwachapa wote wawili.

Siri yake niliitunza, lakini kunyamaza sikuweza. Niliingia ndani nikamwita kaka yangu, nikawasimamia wote. "Mnaona aibu kweli nyie? Mkitaka kusemezana, semezaneni! Huyu mtoto hana minyoo, wala jirani hajamfanya kitu. Mnaomuumiza ni nyinyi!"

Kaka, mdogo wangu niliyembeba mgongoni, akainamia simu yake kama vile sijasema. Wifi alisugua sufuria kwa nguvu, halafu akamgeukia binti yake.

"Mwambie shangazi yako hii nyumba ina wenyewe. Na asubuhi gari za Mtowisa zipo."

Nilikuwa nimesimama palepale, nimesikia kila neno. Mtoto akanitazama, mkono tumboni.

"Shangazi," akasema, "mama anasema asante kwa mchele, karibu tena."