Ndita za Kagendo wa Mapokezi

Uongozi wa hoteli ulitangaza, kwa maandishi na kwa sauti, kwamba hakuna mfanyakazi atakayeondolewa mapokezi kwa sababu ya umri wake. Kitakachozingatiwa ni uchangamfu wa uso, wala si kingine. Meneja Kihara alilisoma tangazo hilo mara mbili kantini, akalibandika ukutani karibu na ratiba ya chai, kisha akawatakia wote kazi njema. Ulikuwa mwezi wa Mei, 1998, na watalii walikuwa wameadimika kiasi kwamba hata nyani wa msituni, waliozoea kuiba mkate wao, walikuwa wamekonda.

Kagendo aliyasikiliza hayo akiwa amesimama nyuma, karibu na birika. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na mingi kati ya hiyo aliimaliza kwenye meza ya mapokezi ya hoteli hiyo, nje kidogo ya Mweiga. Alitoka Meru akiwa msichana, akaolewa na Wamae, dereva wa hoteli. Wamae alipofariki, yeye akabaki kwa mama mkwe wake. Kati ya nyusi zake zilikuwepo ndita mbili za kina, alizozipata kwa kusoma majina ya wageni kwa mwanga wa jenereta. Hata akifurahi, alionekana kama mtu anayepiga hesabu isiyokubali.

"Madam, hiyo tangazo ni yako," alisema Jackton, mbeba mizigo, ambaye hakujua kunong'ona.

"Yangu kwa nini?"

"Si wamesema uchangamfu? Wewe hata ukimwambia mgeni karibu, anaangalia kama ako na viatu chafu."

"Nenda ubebe sanduku, kichwa kama sanduku."

Watu walicheka, na Kagendo naye akacheka. Ndita hazikucheka. Hotelini hapo hakuna aliyefukuzwa. Mtu alihamishiwa dobi, kufua shuka. Waliohamishiwa dobi mwaka uliotangulia wote walikuwa sasa makwao, wakilima viazi. Wakubwa wangekuja kutoka Nairobi mwishoni mwa mwezi kujionea nyuso wenyewe.

Palikuwa na daktari wa ngozi wa Nairobi aliyekuja mara kwa mara kuvua samaki katika mito ya Aberdare. Jumamosi, kabla ya kuvua, aliwaona wagonjwa wachache katika chumba kimoja juu ya duka la dawa, Nyeri mjini. Wagonjwa wake walikuwa wake za watu wakubwa, na waliingia wakiwa wamejifunga vitambaa vya kichwa mpaka kwenye nyusi. Kagendo alimjua kwa sababu ndiye aliyempa ufunguo wa chumba kila alipokuja. Alimfuata huko Jumamosi kwa ajili ya ndita zake, naye akajifunga kitambaa.

Daktari hakumficha neno. Sindano ni nyembamba, alisema, na zinauma kama siafu. Patabaki vipele ambavyo jioni vitakuwa vimepotea, na pengine kichwa kitauma kidogo. Asitarajie kitu siku hiyo wala kesho yake. Baada ya siku kama tatu misuli itaanza kuzubaa, na wiki ya pili paji la uso litakuwa limetulia. Baada ya miezi mitatu au minne kila kitu kitarudi kilivyokuwa, na kama anataka, naye atarudi.

"Ni dawa gani?"

"Ni sumu. Lakini kidogo sana."

"Kama ya panya?"

"Ya panya haihitaji daktari." Akachovya pamba kwenye spiriti. "Jambo moja tu, mama. Usipaguse. Usipasugue, usipakande, na usilale mpaka jioni. Dawa ikihama inaweza kufika kwenye kope, na kope likilala, limelala."

"Halafu tunafanya nini?"

"Tunangoja."

Alirudi Mweiga kabla ya saa tisa, ameshika shingo wima kama mtu aliyebeba mtungi. Mama mkwe wake alikuwa zizini akimalizia kunawa mikono. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, mwenye ng'ombe wawili na mikono ambayo daktari wa mifugo mwenyewe aliiheshimu. Kagendo alimwita Maitu, yaani mama, kama alivyoitwa na Wamae.

"Uso yako imeumwa na nini?"

Kagendo alikuwa na safari nzima ya kutayarisha jibu, na hakutayarisha. "Ni sindano, Maitu. Nilikuwa na kichwa inauma, daktari akanidunga."

"Hapo mbele?"

"Hapo mbele."

Maitu alivitazama vipele kwa muda. Kisha alitikisa kichwa kwa masikitiko, si juu ya mgonjwa bali juu ya daktari. "Na akakuacha hivyo tu, ati uende nyumbani? Hata kukukanda? Hawa vijana wanasomea wapi?"

"Alisema iachwe, Maitu."

"Iachwe! Ng'ombe ikiwa na ugonjwa wa kiwele, ukishaweka dawa kwa titi, unaacha? Itakaa hapo mpaka igande. Lazima uisukume, iende. Keti."

Kagendo aliketi. Angeweza kusema ukweli: kwamba hakuwa na maumivu yoyote, kwamba mjane wa Wamae alikwenda mjini kudungwa sumu ili aonekane msichana mbele ya wanaume wa Nairobi. Aliyafikiria maneno hayo na hakupata la kuanzia. Hata kumwambia Maitu aondoe mikono hakuweza. Mikono hiyo ndiyo iliyomshika alipoanguka kaburini kwa Wamae.

Maitu alichota mafuta ya kukamulia kwenye kopo, akayapasha kati ya viganja, akaanza. Alikanda kutoka katikati kwenda pembeni, halafu kutoka juu kushuka chini, taratibu, bila kuruka mahali, akizungumza peke yake jinsi azungumzavyo na ng'ombe. Vidole gumba vilipita juu ya nyusi na kuteremka. Hakika ilikuwa raha. Kagendo alifumba macho akakandwa mpaka giza likaingia.

"Umesikia nafuu?"

"Nimesikia, Maitu. Asante."

Siku ya nne ndita zilianza kufifia. Siku ya tano kope la jicho la kushoto liliteremka hadi katikati, likatulia hapo.

Jackton ndiye aliyeleta habari mezani. "Madam, yule mzungu wa namba kumi na mbili anauliza unatoka kazi saa ngapi."

"Anataka nini?"

"Anasema umemkonyezea asubuhi, na jana jioni. Bibi yake pia ameona. Yeye hajafurahi vile bwana yake amefurahi."

Kagendo alijaribu kumkunjia uso Jackton na hakuweza. Upande huo, dawa ilikuwa imefanya kazi vizuri kabisa.

Jumamosi alirudi kwa daktari. Daktari aliinua kope kwa kidole; alipoachilia, likashuka.

"Uliguswa?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Labda nililala vibaya."

Daktari alimtazama na hakubishana. Hakuna dawa ya kuondoa dawa, alisema. Kope litainuka lenyewe, wiki nne, pengine nane.

"Wakubwa wanakuja Alhamisi."

"Hawawezi kusogeza?"

Kagendo alimtazama kwa jicho moja na nusu. Daktari akaanza kupanga ndoana zake.

Jioni hiyo Maitu alimwita kando ya moto. Alikuwa ameliona jicho, na lilikuwa likimnyima usingizi. "Hiyo kichwa imeteremka kwa jicho," alisema. "Mimi sikuikanda ya kutosha. Keti." Na Kagendo, ambaye sasa hakuwa na cha kupoteza usoni, aliketi tena.

Alhamisi wakubwa walikuja, wanaume watatu wenye suti. Kagendo aliwakaribisha kwa maneno yaleyale ya miaka yote, meno yote nje. Wa kwanza aligeuka nyuma kuona anayekonyezewa ni nani. Wa pili aliandika kitu. Kabla ya chakula cha mchana meneja Kihara alimwita ofisini, akamweleza kwa upole kwamba dobi kunahitaji mtu mzoefu.

"Ni sababu ya umri, bwana meneja?"

"Hapana, hapana. Umri haukutajwa hata mara moja. Ni uchangamfu."

Kagendo alitaka kuukunja uso, na paji lake lilibaki laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Baadaye Kihara aliwaambia wengine kwamba mama yule alilipokea jambo hilo kwa utulivu wa ajabu.

Kope liliinuka mwezi wa Julai, Kagendo akiwa ameinamia karai la shuka. Ndita zilirudi Septemba, wiki moja kabla ya kuambiwa kwamba hata dobi panapunguzwa watu. Maitu alifurahi kumpata wa kumshikia ndama, na bado huwaeleza majirani jinsi alivyoponya kichwa kilichomshinda daktari wa Nairobi.

Tangazo liko palepale ukutani. Mapokezi aliwekwa Shirleen, msichana mpole wa miaka ishirini na miwili, ambaye meno yake yameliwa na maji ya kisima cha kwao. Tangu aanze kazi, hakuna aliyewahi kumwona akicheka.