Ijumaa za Mdahalo Chini ya Njia ya Ndege

Sisi tuliosoma sekondari ile ya karibu na uwanja wa ndege, Changamwe, tuna ugonjwa wetu ambao mpaka leo haujatutoka. Mzungumzishe mmoja wetu barazani, ndege ipite juu. Atanyamaza katikati ya neno, atainua macho, atangoja mpaka mngurumo uishe, kisha ataendelea pale pale alipoachia kana kwamba hakukutokea kitu. Mume wangu ni mtu wa Kwale, hakuyajua hayo. Siku za mwanzo za uchumba alidhani nimemnunia, maskini, akawa anaomba radhi kila ndege inapotua.

Shule yenyewe kibao chake cha langoni kilisema ni ya serikali, lakini serikali ilikuja baadaye. Walioianza ni wazee wetu, watu wa bandarini, wa reli na wa viwandani, waliochoka kuona watoto wakimaliza shule ya msingi na kuhangaika kutafuta nafasi kisiwani Mombasa. Wakaitisha harambee. Mwenye pesa alitoa pesa, asiyekuwa nazo alibeba mawe. Marehemu babangu hakupita pale bila kutuonyesha ukuta wa Kidato cha Pili na kusema mawe yale yamepita begani mwake. Tatizo ni kwamba kila mzee wa Magongo na Port Reitz alikuwa na ukuta wake wa kuonyesha. Ukizijumlisha kuta zote walizodai, shule ingekuwa kubwa kuliko bandari.

Kiwanja walipewa kwa urahisi, nao hawakuuliza kwa nini. Walikuja kujua somo la kwanza lilipoanza. Shule ilikuwa chini kabisa ya njia ya ndege zinazotua. Paa ni la mabati, madirisha hayana vioo, na ndege ikishuka unaona magurudumu yake hata uchafu ulioganda juu yake. Mwalimu angepiga kelele mpaka mishipa ya shingo itoke na bado usisikie kitu.

Ndipo mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Mwakio, Mtaita mfupi aliyependa kuvaa suruali za kaki zilizopigwa pasi zikasimama, alipoweka sheria. Ndege ikipita, kalamu chini, mdomo kimya, macho juu. Ikishapita, aliyekuwa akisema ndiye anayeendelea, awe mwalimu au mwanafunzi. Hakuna kudakia. Neno alilokuwa nalo mdomoni linabaki lake. Wageni waliotutembelea walidhani ni ibada ya aina fulani.

Masomo yalikuwa masomo, sitawadanganya. Hatukuwa shule ya kutajwa redioni matokeo yakitoka. Maabara ilikuwa na bomba moja linalotoa maji na mengine ya kupamba, na siku ya kupasua chura tulikuwa tunamzunguka chura mmoja darasa zima, walio nyuma wakichora kwa kusimuliwa. Lakini walimu walikuwepo, na walifundisha. Watoto wa bara, ambao baba zao walihamishiwa Mombasa kikazi, walikuja na Sheng yao na hesabu zao kali. Sisi wa pwani tulikuja na Kiswahili chetu na maringo yake. Wao walisema tunaongea polepole kama tuna siku mbili za kumaliza sentensi. Sisi tulisema Kiswahili chao kina mchanga. Tukaazimana kazi za ziada za nyumbani, hesabu kwa insha, na urafiki ukaanzia hapo.

Mchana tulikula mahindi na maharage ya shule, na wadudu wake tuliwasogeza pembeni kwa adabu. Aliyekuwa na shilingi alikwenda uani kwa mama wa viazi karai, vya moto, vyenye ukwaju na pilipili ya kukutoa kamasi. Mchezo ulikuwa mpira kwa wavulana na netiboli kwa wasichana, kiwanja cha vumbi tupu, na mamangu alikuwa na onyo moja asilolibadilisha miaka yote minne: "Sare hii ndiyo hiyo hiyo. Ukiichana, kesho utakwenda shule umejifunga leso yangu." Nilicheza netiboli kama mtu aliyebeba mayai.

Kilichotujengea jina hasa ni mdahalo wa Ijumaa. Baada ya mapumziko ya mchana, shule nzima ilikutana chini ya paa la bwalo, wiki hii Kiingereza, wiki ijayo Kiswahili. Mwalimu Mwakio mwenyewe alisimamia. Mshika saa alikuwa Onyango, mvulana mrefu wa darasa letu, mwenye ile saa ya kupimia mbio iliyoazimwa kwa mwalimu wa michezo. Kila msemaji alikuwa na dakika zake. Ndege ikija, Onyango aliisimamisha saa, sote tukaangalia juu, na ikishapita aliibonyeza tena. Kwa sheria hiyo hakuna ndege iliyowahi kumdhulumu mtu muda wake.

Sasa niwaambie habari za Kadzo.

Kadzo alikuwa binti wa kibarua wa maghala, watu wa Kaloleni waliohamia kwetu Magongo. Alikuwa na akili, na alikuwa na kigugumizi. Si cha kuchekesha, cha kutesa. Neno linamkwama kooni, macho yanamjaa maji, na wewe uliye mbele yake unahisi kama ni wewe unayekabwa. Kwao walimpenda, kwa hivyo walimmalizia. Akianza "Na-na-na," mama anasema nataka chai, dada anasema nakwenda dukani. Mara nyingi sicho alichotaka. Aliniambia baadaye kwamba kuna siku alikunywa chai tatu asizozitaka, kwa kuwa kukataa kungehitaji maneno mengine. Shule ya msingi walimwita bubu, akaona afadhali awe bubu kweli.

Muhula wa kwanza wa Kidato cha Kwanza, Mwalimu Mwakio alimuuliza swali la historia. Kadzo akasimama, akakwama. Mvulana wa nyuma yake, wala si kwa ubaya, akalitoa jibu. Mwalimu hakumtazama yule mvulana. Alisema, kwa sauti yake ya kawaida, "Ndege tunaingoja kila siku, na hata haitujui. Kadzo tusimngoje kwa nini?" Akaweka chaki chini, akaangalia juu. Nasi, kwa mazoea tu, tukaweka kalamu chini na kuangalia juu. Darasa zima lilikuwa linatazama mabati, hakuna macho hata mawili yaliyomtazama yeye. Kadzo akalitoa jibu lake. Kwa bahati mbaya lilikuwa si sahihi, na Mwalimu akamwambia si sahihi, kaa chini.

Wallahi sijawahi kuona mtu akifurahia kukosea kama alivyofurahi yeye siku ile.

Tangu hapo ikawa desturi. Kadzo akikwama, tunaangalia juu. Akajiandikisha kwenye mdahalo, na Onyango akawa anaisimamisha saa kwa ajili yake kama anavyoisimamisha kwa ajili ya ndege, bila kuulizwa na mtu. Kumbe ndani ya koo lile kulikuwa na ulimi mkali ajabu. Alikuwa anakwama, anangoja, halafu anakurushia hoja ambayo huna la kuijibu. Kufika Kidato cha Tatu, yeye ndiye aliyekuwa msemaji wetu wa mwisho, na shule yetu ya kutwa, ya chini ya ndege, ikafika fainali ya mkoa.

Fainali ilikuwa kisiwani, kwenye ukumbi wa shule moja kubwa. Sakafu inang'aa, feni zinazunguka, na kimya, kimya cha kutisha kwa watu kama sisi. Wapinzani wetu walikuwa wa bweni, wenye makoti na tai. Mada ilikuwa kama shule za kutwa zina faida kuliko za bweni. Kadzo hakulala wiki ile. Aliniambia hajali kombe. Anataka kitu kimoja, aseme mbele ya watu wasiomjua, tangu mwanzo hadi mwisho, na kila neno liwe lake. Babake alikuja, ameketi nyuma kabisa na shati la kazini, maana alikuwa hajawahi kumsikia mwanawe akisema sentensi nzima.

Akaanza vizuri. Alisema mtoto wa bweni anajifunza kutandika kitanda, lakini wa kutwa anajifunza jinsi mamake anavyoamka. Ukumbi ukachangamka. Akaendelea, na alipofika kwenye neno "nyumbani," likamkwama. Ny-ny-ny. Nikasikia kicheko mbele. Na hapo, bila kuambizana, safu zetu zote zikaweka mikono chini na kuangalia juu. Wale wengine walipotuona, nao wakaangalia juu. Waamuzi wakaangalia juu. Mwalimu mmoja wa shule ile akavuta kiti chake pembeni, akidhani feni inataka kumwangukia. Kicheko kikakatika, maana hakuna aliyejua tena kinachochekwa ni nini.

Kadzo akalitoa neno lake, akaendelea, akamaliza. Alimaliza yote. Nikageuka nyuma nikamwona babake amejifunika uso kwa kofia yake.

Balaa lilikuja kwenye muda. Kila shule ilikuwa imetoa mshika saa wa kukaa meza ya mbele, wa wasemaji wake, na sisi tulikuwa tumemtoa Onyango. Mwamuzi mkuu aliona saa yake mwenyewe na ya Onyango hazipatani hata kidogo. Akamuuliza kwa nini aliisimamisha saa. Onyango, kijana mkweli, akajibu, "Nilikuwa namngoja Kadzo." Hakuona kwamba kuna cha kueleza zaidi. Kwake ilikuwa ndiyo sheria, na alidhani ni sheria ya kila mahali. Tukakatwa alama za kuvuka muda, kombe likaenda kwa wenye makoti, na Onyango akalia machozi kabisa, mtu mrefu vile.

Tulipotoka nje sote tulitarajia Mwalimu Mwakio atafoka. Alimwendea Kadzo akamuuliza, "Ulimaliza?"

Kadzo akasema amemaliza.

"Basi twendeni nyumbani," akasema, na hakulizungumza tena jambo lile mpaka alipostaafu.

Miaka imekwenda. Mwalimu tulimzika kwao Wundanyi. Kadzo ni fundi cherehani hapo Magongo, anashona sare za shule nyingi, na bintiye anasoma pale pale tuliposoma sisi, pamoja na mwanangu wa mwisho. Shule ina ghorofa sasa, ina kompyuta, madirisha yana vioo. Ndege zinapita kama zamani, ila watoto hawanyamazi, wanapaza sauti tu kuushinda mngurumo. Hawa wetu hawana subira, jamani. Ukiwatumia ujumbe wa sauti kwenye simu wanauongezea kasi ili uishe haraka. Nimemkuta mwanangu anamsikiliza mamake mzazi kwa kasi maradufu, nalia kama kasuku kwenye simu yake, naye anatikisa kichwa ati amenielewa.

Muhula uliopita tuliitwa mkutano wa wazazi. Naibu wa mwalimu mkuu, kijana mwenye heshima zake, akatuonyesha picha za kompyuta ukutani na kutueleza kwamba saa ya mdahalo ya Ijumaa inapoteza muda, pendekezo ni igeuzwe kuwa ya masomo ya ziada. Akauliza nani ana maoni. Watu wanatazama simu. Kadzo akasimama.

Akajitambulisha vizuri. Kisha akasema, "Mimi naona Ijumaa i-i-i," na likamkwama. Umri haukumwondolea, umempunguzia kidogo tu. Yule kijana akamtazama kwa huruma, huruma ya kweli, akakisogeza kipaza sauti mdomoni mwake mwenyewe. "Iwe ya masomo. Asante sana mama, tumekuelewa." Wazazi wakapiga makofi. Kijana akageukia picha inayofuata.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kuwaambia kwamba sicho alichotaka kusema, kwamba mama huyu mnayempigia makofi alitaka kusema kinyume chake kabisa. Nikaufunga. Nami ningekuwa nimemmalizia tu, kama wao.

Enzi zetu bwalo zima lingengoja. Tulikuwa watoto, tuna njaa, tuna vumbi hadi masikioni, na hatukuwa na vioo wala kompyuta, lakini kungoja tulijua. Leo mle ndani tulikuwa watu wazima watupu, na hakuna aliyegundua kwamba makofi yameisha na mwanamke mmoja hajakaa.

Yule kijana akamwona. Akamwambia kwa upole, "Unaweza kukaa, mama."

Kadzo akashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Si-si-sijamaliza," akasema.

 Alichukua muda wake, wote alioutaka, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.