Unga Uliorudi Jikoni

Nakumbuka siku ile, mwanangu, kwa sababu ya sahani ya unga. Juzi ulinipigia simu kutoka chuoni ukaniambia umeanza kuichukia sheria. Kwamba darasani kwenu kila mtu anataka kushinda, hata mkibishana nani akanunue chapati. Nilicheka, kisha nikanyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Akili yangu ilikuwa imekwenda kijijini Mkunya, miaka mingi nyuma, nilipokuwa na umri kama wako na mdomo kama wa hao wenzako.

Nilikuwa mwaka wa pili wa sheria, nimekuja likizo kwa mjomba. Kwetu unajua mjomba ni nani. Yeye ndiye aliyenisomesha, na kila mgeni aliyefika pale alionyeshwa daftari langu moja la zamani, hata kama mgeni mwenyewe hakujua kusoma. Asubuhi moja alichoma majani chini ya mikorosho yake, kama wafanyavyo wakulima kabla ya msimu wa maua. Upepo ukageuka. Moto ukavuka mpaka, ukaunguza mikorosho kumi na mmoja ya jirani yake, Baba Somoe, iliyopandwa na marehemu mama yake.

Wawili hawa walikuwa watani: mjomba Mmakonde, mwenzake Mmakua aliyehamia kutoka upande wa Masasi. Haikupita siku bila kuchokozana.

"Mtani, jembe hilo unalima nalo au unaliogopa?"

"Naliogopa, nisije nikalima kama wewe."

Desturi ya pale ilikuwa moja. Ukimkosea jirani, unampelekea sahani ya unga wa mtama, wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Akichota kidogo akauonja, kinyongo kimekwisha. Hasara mtaizungumza baadaye, mkiwa mmeketi mkeka mmoja.

Kesho yake Mama Zuhura, mkewe mjomba, akatwanga na kuchekecha. Mjomba akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akaichukua sahani. Mimi nikasimama mlangoni.

"Mjomba, ukienda na huo unga umeshakiri."

"Si nimechoma mimi?"

"Nani alikuona? Jana watu watatu walikuwa wanachoma majani. Moto wa nani ulivuka, anayedai ndiye athibitishe. Ukikiri, umempa ushahidi kwa mkono wako mwenyewe."

Akaniangalia, kisha akaiangalia sahani. Mama Zuhura akasema, "Unga uliochekechwa kwa ajili ya mtu haurudi jikoni." Wahenga husema penye wazee haliharibiki neno. Siku ile liliharibika, kwa sababu mzee mmoja aliniamini mimi kuliko alivyojiamini mwenyewe.

"Aliyesoma amesema," mjomba akajibu, akaiweka sahani chini. Jioni unga ule tuliusonga ugali. Nilikula nikashiba.

Baadaye tulisikia kwamba Baba Somoe alitandika mkeka barazani kwake siku saba. Siku ya nane aliukunja, akaenda Newala mjini kufungua madai katika mahakama ya mwanzo.

Nilimfundisha mjomba sentensi moja tu: "Sikubali madai, mdai athibitishe." Aliisema mbele ya hakimu akiangalia sakafu. Shahidi hakupatikana, madai yakatupwa. Nilitoka pale nimevimba kwa fahari, kwa maana hata shahada sikuwa nayo bado, na tayari nilikuwa nimeshinda. Nje, Baba Somoe alimpa mjomba mkono.

"Hongera, mdaiwa."

Hakumwita mtani. Hakumwita hata Baba Zuhura. Alimwita jina alilopewa mle ndani, akaenda zake, na kuanzia siku hiyo walipishana njiani kama watu wanaosubiri gari tofauti.

Msimu wa pili baada ya hukumu, Baba Somoe alifariki. Nilikuwa tena likizo. Msibani kwetu mtani ndiye huingia kwa kelele. Humdhihaki marehemu, huwachekesha wafiwa, na hakuna anayemkasirikia. Watu walimsubiri mjomba. Aliingia kimya, amebeba sahani ya unga. Somoe, binti wa marehemu, akamlaki uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Huo unga wa nini? Mahakama ilisema hukuchoma."

Aliyasema kwa adabu, bila kupandisha sauti. Mjomba akageuka, akatoka. Akaketi nje ya ua, sahani magotini, hadi waliokwenda kuzika waliporudi. Upepo ulikuwa ukiupunguza unga kidogo kidogo, naye hakuufunika.

Hakunilaumu hata siku moja, hadi naye alipokufa. Afadhali angenilaumu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi uliojikwaa ulikuwa wangu, dole likaumia la mwingine.

Chuoni tulisoma kesi nyingi, mwanangu, na kila mtu tuliyemsoma alikuwa na mwenzake ng'ambo ya neno "dhidi". Tulijua nani alishinda na kwa kifungu kipi. Hakuna aliyetuambia kama kesho yake walisalimiana. Swali hilo halikuwamo kwenye mtihani, nami sikujua kwamba ni swali.

Sikuambii uache sheria. Wapo wanaoonewa, wanyonge wanaolazimishwa kukiri wasiyoyatenda. Kwao neno "nyamaza" ni ngao, wape. Lakini mtu akija kwako na kosa lake mkononi, tayari amevaa kanzu, usisimame mlangoni. Muulize kwanza, "Umekwenda kumwona mwenzako?" Kama hajakwenda, mpishe apite. Nimekuwa wakili miaka mingi, na kila mteja nimemuuliza hivyo. Wengine walicheka, wengine walikwenda na hawakurudi kwangu tena. Hao ndio ninaowahesabu kuwa ushindi wangu. Mjomba wangu simhesabu.

Basi soma, ufaulu. Mungu akupe ulimi wa kuwatetea watu na akili ya kujua wakati wa kuunyamazisha. Akujalie miguu myepesi ya kwenda kuomba radhi mwenye kupokea angali hai, na unga utakaoubeba usirudi jikoni.