Kioo cha Mlango wa Dereva

Kwanza vilikufa vioo vya nyuma, kimoja baada ya kingine, nami nikashukuru kwamba vilikufa vikiwa vimefungwa. Gari langu ni la Kijapani, la zamani, limenibeba miaka mingi bila manung'uniko. Mtu akikutumikia hivyo, huanzi kumsimanga kwa sababu sikio limekuwa zito. Nyuma hakai mtu, nikasema, na akikaa hana haja ya upepo.

"Siku kitakapokufa cha mbele utasema nini?" mke wangu akaniuliza.

"Mungu ni mwingi wa rehema."

"Ni mwingi wa rehema, na mafundi pia kawaumba Yeye."

Cha mlango wa dereva kilianza kuumwa mwanzoni mwa baridi. Ukibonyeza swichi, mota inaguna ndani ya mlango kama mtu anayeamshwa alfajiri, kioo kinapanda kidogo, kinasita, kinapanda tena. Nikajifunza kukisaidia: mkono mmoja kwenye swichi, kiganja cha mwingine kimekandamiza kioo na kukisukuma juu. Siku nyingine ilibidi niupige mlango kofi. Majirani zetu hapa Greenbelt, nje kidogo ya Washington, ni watu wa adabu, hawakuniuliza kwa nini mzee mwenye kofia na tasbihi anazaba makofi gari lake kabla jua halijatoka.

Ningeweza kuishi hivyo. Lakini gari lile halikuwa langu peke yangu.

Nina rafiki, Mmarekani mweusi, amenipita umri kidogo, aliyekuwa akipeleka barua za watu mjini Washington mpaka akastaafu. Kiswahili alikisoma ujanani, katika madarasa ya jioni, wakati mimi sijawahi hata kuiota theluji, na Kiswahili chake kimenyooka kama kanzu iliyotoka kwa dobi. Uislamu aliuingia baadaye, na katika kusoma Kurani alinichagua mimi nimsahihishe. Figo zake zimechoka. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa huenda kituoni kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na mimi ndiye ninayempeleka, maana binti yake anayeishi naye ni nesi wa zamu ya usiku, na asubuhi hurudi hajiwezi kwa usingizi. Tunapokwenda, yeye husoma, mimi nasikiliza, akiteleza nagonga usukani kwa kidole naye anarudia. Tunaporudi hasomi. Mashine ile humtoa mtu na baridi ya mifupani, hata wakati wa joto, kwa hiyo mimi humfunika blanketi na kuwasha hita mpaka mimi nachuruzika jasho.

Jumatano moja tulikuwa tunarudi, tuko katikati ya Beltway, barabara kuu inayouzunguka mji, na malori yametuzunguka, kioo changu kikaanguka. Hakikushuka, kilianguka, puu, ndani ya mlango, kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Upepo wa Januari ukaingia wote kwa pamoja. Nilijaribu kumkinga mwenzangu kwa bega, jambo la kipuuzi, bega langu lina upana gani? Alipofika kwake meno yalikuwa yakigongana na midomo imekuwa ya kijivu. Binti yake alimfunga mablanketi mpaka jioni. Kisha akanipigia simu. Yeye huniita mjomba, na huzungumza nami kwa Kiingereza, kwa upole ambao ni mzito kuliko ukali: baba yake atapanda gari la kituo, lile linalokusanya wagonjwa mlango kwa mlango, mpaka langu litakapopona.

Ijumaa gari la kituo likaja, yeye akakataa kulipanda. Nilimkuta sebuleni amekaa na koti lake, miguu ameiweka juu ya stuli, imevimba mpaka soksi zimechora mistari.

"Kwa nini hukwenda?"

"Mwalimu, dereva wa gari lile aliniita kijana. Mimi nina wajukuu wenye ndevu."

"Kwa neno hilo moja unaacha kusafishwa damu?"

"Si neno hilo peke yake. Kulikuwa pia na redio."

"Mzee mwenzangu, unakwenda kwenye mashine, huendi harusini, hata uchague nani akupeleke!"

"Jumatatu nitakwenda," akasema, ametulia kabisa. "Ama na wewe, ama siendi."

Nilitamani kumtikisa. Mgonjwa akikosa mara moja huvumilia, ndivyo binti alivyonieleza mlangoni nikitoka, macho mekundu kwa kukesha. Akikosa mara mbili mfululizo, yale maji yasiyotoka huenda kifuani na kwenye moyo. "Mjomba, Jumatatu lazima aende," akasema. Nikamwambia kioo kitakuwa kimepona. Nilisema inshallah, lakini nilisema kwa haraka, kama mtu anayetia sahihi bila kusoma.

Gereji ya karibu walisema wataliona gari Alhamisi. Mimi nilikuwa na mota mpya njiani, nilikwisha kuiagiza mtandaoni tangu siku za makofi, na Jumamosi asubuhi ilifika. Nikamwita jirani yangu Mkongo. Yeye si fundi, ni mtu wa kazi ya ghala na sauti ya nne katika kwaya ya kanisa lao, ila ana boksi la spana na moyo mkubwa, na siku hiyo nilihitaji vyote viwili.

Tulikuwa na video kwenye simu yake. Kijana wa kwenye video aliubandua ubao wa ndani wa mlango kama mtu anayemenya ndizi. Wetu ulishikiliwa na vibanio vya plastiki vilivyokakamaa kwa baridi na uzee, na kila tulipovuta, kimoja kilikatika, ta! na kipande kikaruka chini ya gari la mtu mwingine. Nimewasomesha watoto wa watu subira. Niliwaambia subira ni katika msiba, na katika ibada, na mbele ya kinachotamanisha. Sikuwahi kuwaambia habari ya parafujo iliyofichwa nyuma ya mpini wa mlango, isiyoonekana mpaka ulale chali kwenye kiti na kichwa kikining'inia nje. Mke wangu alituletea chai, akatutazama, akarudi ndani bila neno. Hilo liliniuma zaidi.

Mwisho tuliitoa mota ya zamani. Meno yake yalikuwa yamesagika kuwa unga. Mkongo akaichukua ile mpya, akaiweka mahali pake, haikukaa. Akaigeuza. Haikukaa. Akaigeuza tena, akaishusha.

"Papa Sheikh."

"Naam."

"Hii kitu iko ya kuume."

"Ndiyo, ya kulia. Ya dereva."

Akanitazama mimi, akautazama mlango uliokuwa umefunguka matumbo, akautazama usukani. "Papa, apa dereva anaikalaka wapi?"

Nikautazama usukani. Uko kushoto. Uko kushoto tangu siku niliyolinunua gari hili, na kila siku Mungu anayoileta mimi hukaa nyuma yake, kushoto. Lakini siku ya kuagiza nilikuwa mezani, si garini. Kompyuta iliponiuliza upande, nilimgeukia mke wangu aliyekuwa akichagua mchele: "Mlango wa dereva ni wa kulia, eti?" Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Kwani wa wapi tena?" Tumezaliwa Tanga wote wawili. Kwetu dereva hukaa kulia. Miguu na mikono yetu ilihamia Marekani zamani, lakini ukituuliza swali ghafla, anayejibu bado yuko kwetu.

Mkongo alikaa chini kwenye lami, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa chenye grisi. "Baangereza balibaharibia kichwa! Sisi kwetu dereva ni wa kushoto tangu kuzaliwa."

"Astaghfirullah," nikasema. Nililisema mara kadhaa, na si kwa hofu ya Mungu peke yake. Lilikuwa limeziba njia ya neno jingine.

"Usikasirike, papa."

"Sijakasirika."

"Basi acha kuponda hiyo spana."

Gari lake nisingeweza kuliazima Jumatatu, kwa kuwa huondoka nalo kwenda ghalani kabla ya alfajiri. Mke wangu alipendekeza plastiki na selotepu pana, na tuliibandika, lakini nilijua Beltway itaifanya nini, na nilijua binti yule ataitazama vipi. Ndipo Mkongo akakumbuka yadi ya magari mabovu huko Manassas, mahali unapoingia na spana zako na kung'oa unachotaka kwenye mizoga. Jumapili alitoka kanisani moja kwa moja, hakubadilisha hata suti, tukaenda na gari lake.

Matope ya mahali pale yalikuwa yameganda juu na kuyeyuka chini, ukikanyaga unazama kwa sauti. Tulitafuta gari la namna yangu kati ya safu za magari yasiyo na magurudumu. La kwanza tulilolipata lilikuwa limegongwa ubavu huohuo tunaoutaka. La pili mlango ulikuwa mzima, tukaubandua kwa taabu yote ile ya jana, na ndani tukakuta tundu: kuna aliyetutangulia. Nikaegemea bati. Nilikuwa mzee mwenye baridi, katika uwanja wa vyuma, nimekwisha kuchelewa adhuhuri, kwa sababu ya kijimota kisichozidi ngumi. Nikamwomba Mungu kwa sauti, bila maneno mazuri. Nilimwambia tu, Yarabi, cha kushoto.

"Amina," akasema Mkongo.

La tatu lilikuwa nacho. Kabla ya kufungua nati, Mkongo aliinua mkono wangu wa kushoto juu kama refa anayemtangaza bondia. "Papa Sheikh, huu ni mkono gani?"

"Fungua nati, wewe."

"Nataka nisikie kwa kinywa yako."

"Wa kushoto! Fungua!"

Hakukuwa na umeme wa kuijaribu, tuliichukua kwa kutawakali. Tuliifunga pale kwangu jua likiwa linazama, yeye sasa amevua koti la suti na tai ameitupia begani. Nilibonyeza swichi. Kioo kikanguruma, kikapanda, kikagota juu na kunyamaza. Tukakishusha na kukipandisha mara nyingine, kisha nikasema basi, tusikichoshe. Mkongo akaimba kipande cha wimbo wa kwao pale pale kwenye maegesho, na mimi nikasujudu juu ya lami.

Jumatatu nilimkuta rafiki yangu kizingitini, amevaa koti na kofia, amekwisha kushika fimbo.

"Umechelewa, Mwalimu."

"Bado muda."

"Mimi nilikuwa tayari, kwa hiyo umechelewa."

Binti alitoka nyuma yake, bado na sare za kazini. Hakuniamkia hata. Aliliendea gari, akaingia kwenye kiti changu, akawasha, akakishusha kioo chote na kukipandisha. Akapitisha kiganja ukingoni mwa juu, taratibu, kama apimavyo mtu homa. Akakishusha tena. Kikapanda. Akashuka, akamshika baba yake mkono na kumleta.

Rafiki yangu alisoma njia nzima. Pumzi ilikuwa fupi, alipumzika kati ya aya na aya, nami sikugonga usukani hata alipoteleza, nilimwacha. Tulipofika kwenye geti la maegesho ya kituo, pale pa kuchukua tiketi, nilisimama karibu na ile mashine, nikanyoosha kidole kwenye swichi, nikakirudisha. Nikafungua mlango. Mkanda ukanikaba, mkono haukufika, nikaufungua mkanda, nikatoa mguu mmoja nje, nusu ya mwili wangu ikaning'inia kwenye baridi. Nyuma yangu mtu akapiga honi.

"Mwalimu," rafiki yangu akasema kutoka ndani ya blanketi, "mbona hufungui dirisha?"

"Nitafungua siku nyingine."

"Je, imani yako ni haba kiasi hicho?"

"Imani kwa Mungu ninayo. Hii imetoka Manassas."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, honi ikapigwa tena. Nikaivuta tiketi, nikaufunga mlango, geti likainuka. Nilimshusha mbele ya lango, nesi akamjia na kiti cha magurudumu, akamwamkia kwa "bwana". Rafiki yangu akanigeukia kuhakikisha kwamba nimesikia. Kisha akaingizwa ndani, mkono wa sindano amekwisha kuukunjua.